Nilivyomuua Muuza Taa

Nilimuua muuza taa Jumamosi saa tisa alasiri, mbele ya mashahidi wanne, na mmoja wao nilikuwa nampenda.

Subiri kwanza, usinipeleke polisi. Muuza taa hakuwa mtu wa kuzaliwa na mama. Alikuwa mtu wa mdomoni mwangu. Kila Jumamosi mchana, nikishafunga duka langu la miwani, tulikuwa tunakutana watu watano kwenye chumba cha nyuma. Tunasogeza mashine ya kusagia lenzi ukutani, tunakunjua meza, tunacheza mchezo wa kusimulia. Kila mchezaji ana mhusika wake kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, mzigo wake, hata woga wake. Mimi nilikuwa msimulizi. Nasema, "Mmefika mlangoni, mlango umefungwa, ndani kuna mtu anakohoa." Wao wanasema wanafanya nini. Pakiwa na shaka tunarusha dadu. Na kila mtu mwingine wanayekutana naye njiani, awe mfalme au mwizi wa kuku, anasema kwa sauti yangu. Niliipenda kazi hiyo kuliko kazi inayonilisha.

Wachezaji ndio hawa. Kaka yangu mkubwa, mwalimu wa hesabu, mtu anayesahihisha hata matangazo ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Wifi yangu, mke wake, nesi wa wodi ya wazazi, hadanganyiki. Fundi Bomba, jirani yetu, huja na pakiti ya biskuti na kuimaliza mwenyewe. Na Mpima.

Jamani, Mpima. Mpima ardhi, mrefu, mwenye vumbi kwenye kola hata siku ya kupumzika. Alikuja dukani kwangu na miwani iliyokanyagwa porini na mtu wake wa kushika fito. Nikamtengenezea. Akarudi. Akarudi tena. Mara ya tatu akasikia vicheko chumba cha nyuma, akauliza kuna nini, na wiki iliyofuata akawa na karatasi yake mezani: mpiga mishale, mpole, hakosi shabaha. Miezi minne sasa.

Shida ilianza tulipofika machimboni. Hadithi yetu ilikuwa ya kengele iliyoibwa na kufichwa chini ya ardhi, na mlangoni mwa machimbo nikamweka mwanamke anayeuza taa. Nilimtunga papo hapo, wala sikuwa nimemwandika popote. Nilitaka awauzie taa, awaambie kushoto kuna maji, waende zao. Dakika mbili.

Basi mpiga mishale wa Mpima akaegemea kibanda, na Mpima mwenyewe akanitazama machoni, akasema taratibu, "Unawauzia watu wote mwanga. Wewe ukirudi nyumbani, nani anakuwashia taa?"

Nikajibu kwa sauti ya muuza taa, kumbe na moyo wangu unasikiliza. "Najiwashia mwenyewe," nikasema. "Nimeshazoea kupapasa ukuta."

Tangu siku hiyo mpiga mishale hakumaliza Jumamosi bila kurudi kibandani. Mara mafuta yamemwagika. Mara utambi umekuwa mfupi. Kwenye karatasi yake ya mzigo zilikuwa zimeandikwa taa kumi na moja, za mtu mmoja mwenye mikono miwili. Na kila akirudi wanazungumza, yeye na muuza taa, na wenzake watatu wako chini ya ardhi gizani wanamngoja.

Jumatano ya wiki niliyomuua muuza taa, Kaka alinijia dukani. Nilikuwa na lenzi mkononi. Hakukaa.

"Huyo mpima wako," akaanza.

"Si wangu."

"Basi huyo mpima wa watu. Jumamosi iliyopita tumekaa dakika arobaini tunamsikiliza akinunua mafuta ya taa. Arobaini. Nimepima kwa saa."

"Nitaongea naye."

"Ulisema hivyo mwezi uliopita."

"Nilikuwa natafuta nafasi."

"Nafasi unayo kila wiki. Ila ukiipata, unampimia mafuta."

Nikaifuta ile lenzi ambayo tayari ilikuwa safi.

"Sikiliza, mdogo wangu," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Sina miwani lakini si kipofu. Huyu mtu anakutaka. Na mtu anayekutaka akashindwa kukwambia mpaka ajifiche nyuma ya mpiga mishale, huyo hanifai kwa shemeji. Kesho kutwa yuko porini miezi mitatu, wewe utabaki hapa unaitazama simu."

"Kaka, hayo ni mengine."

"Ni hayo hayo. Baba hayupo, mama hayupo. Nikinyamaza mimi, nani atasema? Ama umwondoe, ama Jumamosi baada ya hii mimi nabaki kwangu."

Akatoka. Niliogopa, na nitakwambia kwa nini. Mama alipofariki, mimi na Kaka tuligombana vibaya juu ya vitu vyake, maneno yakatutoka yasiyorudishika, tukakaa mwaka mzima hatusalimiani. Wifi ndiye aliyetuletea dadu na kitabu cha ule mchezo. Alituweka meza moja akasema, "Basi kama hamwezi kuongea ninyi, waongee hao wa kwenye karatasi." Tukaanza hivyo, na kidogo kidogo tukarudi kuwa ndugu. Miaka mitano. Meza ile ikivunjika, sikuwa na hakika kama mimi na Kaka tuna mahali pengine pa kukutania.

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angechukua simu, akampigia Mpima, akamwambia: ndugu, wenzako wanangoja, punguza. Hata kanuni zetu zilisema hivyo. Zilikuwa tatu, zimebandikwa ukutani kwa mwandiko wa Kaka wa ubaoni, lakini nilizitunga mimi. Ya kwanza, mkibishana juu ya mchezo mna dakika mbili za saa ya mchanga, kisha msimulizi anaamua. Ya pili, yeyote akizidiwa anaweka kadi nyekundu mezani, mchezo unasimama, na haulizwi kwa nini mpaka mwenyewe apende kusema. Ya tatu, ukiwa na neno na mchezaji, mwambie yeye mwenyewe, usimpige mhusika wake.

Mimi, mtunga kanuni, nikakaa siku tatu nikitafuta namna ya kumzuia Mpima bila kumwambia neno. Nikaipata. Nikajiona mjanja kweli.

Jumamosi ikafika, na wachezaji wangu walikuwa wamewaka moto. Walikuwa wamefika mlango wa chuma, chini kabisa ya machimbo, na nyuma ya mlango kengele yenyewe inalia. Mwizi wa Fundi Bomba amepiga magoti kwenye kufuli. Mganga wa Wifi ameshika dawa tayari. Shujaa wa Kaka ameinua shoka, na Kaka mwenyewe amesimama kwenye kiti, mwalimu mzima, mikono juu.

"Zamu ya Mpima," nikasema.

Mpima alikuwa kimya siku hiyo, hakuwa amegusa hata chai. Akarekebisha miwani. "Mpiga mishale anarudi nje," akasema. "Taa yangu inafifia."

"Una taa kumi na moja," Kaka akasema.

"Kumi hazina mafuta."

"Mlango uko hapa. Kengele inalia. Miezi minne tunaitafuta, na wewe unataka mafuta?"

"Ni zamu yangu, mwalimu. Ukurasa wa kumi na nne, kila mhusika anakwenda anakotaka kwenye zamu yake."

"Na ukurasa wa kumi na tano unasema kundi halitawanyiki mbele ya hatari."

"Unasema lisitawanyike bila sababu."

"Mafuta ni sababu?"

Nikaipindua saa ya mchanga. Wakabishana, kurasa zikafunuliwa, Fundi Bomba akaomba kama anaweza angalau kumalizia kufuli. Mchanga ukaisha.

"Nimeamua," nikasema. "Mpima, nenda."

Kaka akashuka kwenye kiti polepole. Aliniangalia kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu ule mwaka wa ugomvi wetu. Moyoni nikasema, ngoja, Kaka, utafurahi sasa hivi.

"Unapanda juu," nikamwambia Mpima kwa sauti yangu ya kusimulia. "Unanusa moshi kabla hujatoka nje. Kibanda kimeungua. Taa zote zimepasuka. Muuza taa amelala chini, kifudifudi. Hapumui."

Fundi Bomba aliacha kutafuna.

"Lini?" Mpima akauliza.

"Asubuhi."

"Naweza kurusha dadu? Pengine bado kuna…"

"Hakuna dadu. Amekufa."

"Nilikuwa na neno la kumwambia," akasema. Na hiyo haikuwa sauti ya mpiga mishale. Ilikuwa ya Mpima, ndogo, kavu.

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu kama msimulizi. "Umechelewa."

Akanyoosha mkono katikati ya meza, akachukua kadi nyekundu, akaiweka mbele yangu. Kwa miaka mitano kadi ile iliwekwa mara moja tu, na Wifi, siku niliyosimulia kifo cha mtoto bila kufikiri kazi yake. Mpima akainuka, akapita pazia, akaenda mbele dukani. Hakupiga kiti wala hakubamiza kitu. Nilitamani angebamiza.

"Afadhali," Kaka akasema. "Sasa twende mlangoni."

"Afadhali nini?" Wifi akamgeukia. "Kadi iko mezani. Hakuna anayekwenda mlangoni." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, wifi yangu. Umemfanya nini mwenzio?"

"Nimetatua tatizo. Wote mlilalamika."

"Tulimlalamikia yeye. Wewe umempiga mhusika. Kanuni ya tatu nani aliitunga?"

"Wifi, alikuwa anatukalisha dakika arobaini."

"Katika hizo arobaini, zake ni sita, nyingine zote zako," Wifi akasema. "Mimi nahesabu uchungu wa wazazi kwa saa, nisikuhesabie wewe? Anauliza swali moja, unajibu dakika nne. Anasema kwaheri, muuza taa anamwita, 'Hebu ngoja, umesahau chenji.' Alimwita mara tatu Jumamosi iliyopita. Mpima ndiye aliyekuwa anamrudisha nyuma mpiga mishale? Wewe ndiye uliyekuwa unamshika shati."

Nilitazama ukuta, nikatazama dadu, nikamtazama Fundi Bomba anitetee. Fundi Bomba akasema, "Chenji kweli ilizidi," akarudi kwenye biskuti zake.

Kaka alikuwa amekunja uso kama anayepiga hesabu mara ya pili akapata jibu jingine.

Niliinuka. Nikapita pazia.

Mpima alikuwa amesimama katikati ya duka, mikono nyuma, anaitazama chati ya herufi ya kupimia macho. Kwenye rafu pembeni yake fremu mia mbili zilikuwa zimetukodolea macho, na kila kioo cha kaunta kilikuwa na kipande cha sura yake.

"Mstari wa tano unanishinda," akasema bila kugeuka.

"Unawashinda wengi. Mpima, nimekosa."

"Ungeniambia nikome, ningekoma. Ungesema tu, wenzako wanangoja. Mimi si mtoto."

"Najua."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Sikutaka ukome."

Lilitoka lenyewe, hata sikulitafuna. Akageuka. Alinitazama kwa yale macho yake ya kupima, yanayoanzia mbali na kuja karibu, na mimi nilisimama palepale nikatazamwa.

"Hukutaka nikome," akarudia. "Sasa mbona umemuua?"

"Kaka alisema ama wewe ama yeye. Na…" Nikashika kaunta. "Na nilikuwa namwonea wivu."

"Nani?"

"Muuza taa."

Mdomo wake ukaanza kucheza pembeni.

"Usicheke, Mpima."

"Sicheki. Naomba nielewe tu. Unamwonea wivu mtu unayemsemea wewe mwenyewe?"

"Yeye ulimwuliza nani anamwashia taa. Ulimwambia sauti yake inakufuata hadi porini. Mimi hujawahi kuniuliza hata kama nimekula. Tukiondoka mezani unasema, 'Haya, Jumamosi,' unavaa kofia, unakwenda. Nimekaa miezi minne nasikiliza maneno matamu kwa masikio yangu, na hayakuwa yangu."

Sasa akacheka kweli, kicheko kifupi cha mtu aliyetua mzigo, akavua miwani akajifuta macho.

"Mimi nikiwa na wewe bila meza katikati, maneno yananikimbia," akasema. "Unafikiri kwa nini nilirudi hapa mara ya pili? Miwani haikuwa imeharibika. Nililegeza skrubu mwenyewe."

"Najua. Skrubu hazilegei pande zote mbili siku moja."

"Ulijua?"

"Nilizikaza kidogo tu, ili zilegee tena."

Tukatazamana. Nakwambia ukweli, kama wakati ule mtu angegonga mlango kutaka miwani ya dhahabu, nisingemfungulia. Lakini uso wake ukabadilika, furaha ikamwondoka.

"Kaka yako alinipigia simu Alhamisi," akasema. "Aliniambia nisije tena."

"Kaka? Alikupigia?"

"Aliongea kwa heshima. Alisema meza hii ndiyo inayowaweka pamoja ninyi wawili, na kwamba mimi nitaivunja. Nikaona ana haki. Mimi ni mgeni wa miezi minne. Nilikuja leo nimuage muuza taa, basi. Neno lenyewe ndilo lilikuwa hilo. Nilitaka nimwambie kwaheri kwa sababu wewe nisingeweza."

Kumbe mimi nilikuwa namfukuza mtu aliyekuwa tayari ameshika mlango, anatafuta tu namna ya kuaga.

Pazia likasogea. Kaka alikuwa amesimama pale, na kwa sura yake alikuwa amesimama muda.

"Nimesikia," akasema.

"Ulimpigia mtu simu bila mimi kujua," nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa inapanda na sikuishusha. "Jumatano unaniambia nimwondoe, Alhamisi unamwondoa mwenyewe. Sasa uliniachia niamue nini?"

"Nilijua hutaweza."

"Na hukuningoja nijaribu."

"Wewe ni mdogo wangu."

"Nina duka, Kaka. Nina miaka thelathini na mbili."

Ikawa kama zamani, na mimi nikaiona inakuja, ile njia yetu ya kurushiana maneno mpaka mmoja aondoke. Nikagundua nimetoka na saa ya mchanga mkononi. Nikaiweka kwenye kaunta, nikaipindua.

"Dakika mbili," nikasema. "Hakuna atakayekukatiza. Sema lote."

Kaka akaitazama ile saa. Robo ya mchanga ikaenda hivihivi.

"Ninaogopa," akasema mwishowe. "Leo mnapendana. Siku mkikosana, nani atatoka mezani? Yeye atatoka. Wewe utaacha kusimulia. Wifi yako atapangiwa zamu za Jumamosi. Na mimi na wewe tutarudi kule kwa kupigiana simu mtu akilazwa. Sina ubaya na huyu kijana. Hata mishale anapiga vizuri. Mimi nakuogopea wewe, na najiogopea mimi."

Mchanga uliobaki ukashuka wote. Sijawahi kumpenda Kaka kama siku ile.

Nikaipindua tena, nikaisukuma kwa Mpima.

Mpima akanyoosha mgongo. "Mwalimu," akasema, "mimi nampenda dada yako."

"Mbona unaniambia mimi?" Kaka akauliza.

"Kwa sababu nikimtazama yeye sitamaliza."

"Jaribu," nikasema.

Akanigeukia. "Nakupenda," akasema. "Si kwa sauti ya mtu mwingine. Porini nina mtandao asubuhi tu, lakini kila asubuhi nitakupigia, na nikirudi nitakuja hapa hata miwani ikiwa nzima. Nisamehe kwa yale mafuta."

"Nakupenda na mimi," nikamjibu, mbele ya kaka yangu mzaliwa wa kwanza, na dari haikuanguka.

Ilibaki zamu yangu, nami niliijua hukumu kabla sijaipindua saa. Ilinichoma, lakini niliijua.

"Wifi amesema kweli," nikawaambia. "Nilimpendelea mchezaji mmoja, na wengine wakakaa gizani. Kisha nikampiga mhusika wake kwa kosa langu. Msimulizi wa hivyo hafai kukaa kile kiti. Hadithi hii ataimaliza Kaka."

"Mimi?" Kaka akashtuka. "Wewe uache kiti?"

"Naacha. Nitacheza kama wengine. Na wewe, Mpima, zamu ni zamu. Jambo moja, kisha anafuata mwenzako."

"Na muuza taa?" Mpima akauliza.

"Amekufa. Sitamfufua ili nijisikie vizuri."

Akaitikia kwa kichwa. Kaka alisimama akinitazama, na nafikiri alielewa nimetoa nini, kwa sababu alinishika bega kidogo, jambo ambalo hafanyi, akatangulia kupita pazia.

Wifi alipotuona watatu tumerudi hakuuliza. Mpima akaichukua kadi nyekundu mwenyewe akairudisha mahali pake, akasema, "Niko sawa. Samahani, jamani, kwa kuwangojesha," na Fundi Bomba akamsukumia biskuti ya mwisho. Hilo, kwa Fundi Bomba, ni tendo kubwa.

Nikajiandikia mhusika haraka haraka: mvunja mawe, mwenye nyundo, aliyekuwa amepotea machimboni na sasa ametokea kizani. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja, cha Kaka, kando ya Mpima. Kaka akakaa kwenye kiti changu. Ilikuwa ajabu kumwona pale, na kidogo nilitaka kulia. Akakohoa.

"Mlango una urefu wa mita mbili na nusu," akaanza, "na unene wa sentimita kumi na mbili."

"Mungu wangu," Wifi akanong'ona.

Lakini alipata moto. Akaipiga meza kwa vidole, ikawa kengele. Tukasogea karibu. Kufuli likafunguka, mlango ukakwama, nami nikasema mvunja mawe anaupiga kwa nyundo. Nikarusha dadu. Mbili.

"Nyundo imevunjika," Kaka akasema.

"Haivunjiki. Ni ya chuma."

"Mpini."

"Mpini haujatajwa. Ukurasa wa ishirini unasema silaha haivunjiki isipokuwa kwa moja. Nimepata mbili."

"Ukurasa wa ishirini ni silaha. Nyundo ni chombo cha kazi."

"Kaka, usinionee."

Akaipindua saa ya mchanga kwa raha ambayo sitaisahau. Nilibisha. Nilifunua kitabu, nilitaja michezo ya miaka miwili iliyopita, nilisimama, nilitaka Wifi awe shahidi. Wifi alikuwa amelala mezani kwa kucheka. Mchanga ukaisha na mimi bado naendelea. Chini ya meza mkono mkubwa, mkavu kwa jua, ukaushika wangu kwa mara ya kwanza.

"Zimeisha," Mpima akaninong'oneza. "Mwache kaka."

Nikakaa. Maneno yote yalinitoka kichwani.

Kaka akatutazama, mmoja, kisha mwingine. Akaweka kalamu yake nyekundu chini.

"Mpima," akasema kwa sauti ya darasani. "Mkono wako. Uweke juu ya meza ninapouona."

Mpima akauinua mkono wake, akauweka juu ya meza, kati ya dadu na karatasi, na wangu ukiwa ndani yake. Hakuuachia. Nami sikuutoa.

Kaka aliitazama ile mikono kwa muda mrefu. Kisha akasogeza dadu pembeni, ipate nafasi.

"Zamu ya Fundi Bomba," akasema. "Unafanya nini?"